Kupata mafundi wa teknolojia Mombasa bila kuwangoja kutoka Nairobi: mwongozo kamili

Mwaka 2009 nyaya mbili za intaneti, TEAMS na SEACOM, zilitoka baharini zikaingia nchi kavu hapa Mombasa. EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyingine zimekuja baadaye. Sehemu kubwa ya intaneti inayotumika Nairobi na Kampala inapita hapa petu kwanza. Lakini kampuni ya mizigo ya Shimanzi ikitaka mtu wa kutunza hifadhidata, tangazo linatolewa Nairobi, mtu anatoka Nairobi, na baada ya miezi minane amechoka na joto, anarudi Nairobi.

Nimefundisha kozi za jioni mjini humu kwa muda wa kutosha kuona mipango mitatu ya "kuwapa vijana ujuzi wa kidijitali" ikizinduliwa kwa keki na kufa kimyakimya. Yote ilikosea mahali pamoja: ilidhani tuna uhaba wa vijana waliosoma kompyuta. Hao wamejaa, ukitupa jiwe Tononoka unampiga mmoja. Wanaokosekana ni watu walioshika kazi yenyewe mkononi, wakakosea, wakakosolewa. Na watu wenye nusu ya kazi hiyo kichwani tayari wako hapahapa, ila wanaitwa makarani, mawakala wa forodha na wahudumu wa saiba, yale maduka ya intaneti ya kulipia.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayetaka kuanzisha mpango wa kuwageuza watu hao: afisa wa kaunti, mkuu wa chuo, chama cha waajiri, hata msikiti au kanisa lenye ukumbi. Nimeuandika kwa Mombasa kwa sababu ndiko nikujuako. Wa Tanga au Kisumu atabadilisha majina ya mitaa.

Hatua ya 1: Zihesabu kazi kwa miguu yako

Usianze na mtaala. Chukua wiki tatu, daftari, na viatu vinavyostahimili jua. Andika orodha ya waajiri thelathini: kampuni za mizigo na mabohari ya Shimanzi, Changamwe na Miritini, hoteli za Nyali na Bamburi, sacco, hospitali za binafsi, viwanda, na zile kampuni ndogo zinazouza intaneti ya nyumbani huko Kisauni na Mtwapa. Hizi za mwisho watu huzisahau, na ndizo zinazolia kila siku kwa kukosa mafundi.

Ukimwuliza mkurugenzi "mnahitaji ujuzi gani?" atakutajia kila neno aliloliona gazetini, akili mnemba ikiwa ya kwanza. Utaondoka na orodha ndefu isiyo na kazi hata moja. Mimi huuliza hivi:

– Kazi gani ya kompyuta mliitangaza mara ya mwisho, na ilikaa wazi muda gani?
– Kazi gani mnamlipa mtu wa Nairobi aifanye akiwa hukohuko?
– Mfumo ukigoma saa nne asubuhi, mnampigia nani, naye hufika saa ngapi?
– Nani hapa hushinda kutwa akinakili takwimu kutoka faili moja kwenda jingine?

Swali la nne ndilo lenye dhahabu. Mara nyingi utaelekezwa kwenye meza ya nyuma, kwa dada mmoja mwenye madirisha mawili ya Excel na kikombe cha chai kilichopoa, ambaye mkurugenzi hamjui hata kwa jina. Kaa naye saa moja. Humo ndimo kazi mpya ilimojificha, na pengine huyo huyo ndiye mwanafunzi wako wa kwanza.

Ukimaliza, rudi kwa wale walioonyesha haja ya kweli uombe barua. Barua iseme mambo matatu tu: watachukua wanagenzi wangapi, nani atawasimamia (jina la mtu, si la idara), na watawalipa kiasi gani kwa mwezi. Kama huna barua tano za namna hiyo, usifungue darasa. Nasema hivi kwa sababu mwaka wa kwanza wa mpango wetu wenyewe tulikubali maneno matupu. Mwajiri mmoja alikaa meza ya wageni wa heshima siku ya ufunguzi, akaahidi nafasi sita, akapigwa picha. Wiki ya ishirini simu zikawa hazishikwi. Wanafunzi wawili kati ya sita hao walikuwa wameacha kazi kwa ajili yetu. Kuwaeleza kilichotokea ilikuwa jioni mbaya kuliko zote nilizopitia katika shughuli hii.

Hatua ya 2: Chagua kazi mbili, basi

Kila mfadhili atataka uongeze ya tatu. Kataa. Darasa la watu ishirini lenye njia tano ni watu wanne wanne wasio na mwalimu.

Kwa Mombasa, orodha yangu ya waajiri huniletea kazi zilezile kila mara. Moja ni mtu wa data katika usafirishaji: anayesafisha orodha za mizigo, anayejua Excel kwa kina na SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) ya kutosha, anayetengeneza ripoti inayoeleweka na bosi asiyependa kompyuta. Ya pili ni fundi wa mtandao: kuunganisha nyaya za fiba, kupanga ruta, kujua kwa nini ghorofa ya tatu ya hoteli haina mawimbi.

Wengi watakuuliza mbona hamfundishi kutengeneza programu za simu. Ni kazi nzuri, lakini anayeanza hapo anashindana na dunia nzima kutoka siku ya kwanza, na sasa zana za akili mnemba zinaandika ile mistari rahisi ambayo zamani alipewa mwanagenzi ajifunzie. Fundi wa fiba wa Kisauni anashindana na fundi wa Kisauni. Akishapata mshahara, hayo mengine atajifunza usiku akitaka.

Hatua ya 3: Watafute wenye nusu ya kazi tayari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mpango unapoponea au kufia.

Reli ya SGR ilipoanza kubeba mizigo mwaka 2018, sehemu kubwa ya kazi ya kutoa makontena ilihama bandarini ikaenda kwenye bandari ya nchi kavu ya Nairobi. Madereva wa malori, wenye mabohari, mawakala wa forodha na makarani wao walibaki wakitazamana. Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli hizo zirudi Mombasa. Zilirudi, ila si kila aliyepoteza kiti alikirudia. Miaka minne ni mingi, na karatasi nyingi zilikuwa zimeshageuka mifumo ya kompyuta.

Watu hawa wanajua kitu ambacho hakuna chuo kinachokifundisha. Nitakupa mfano mmoja.

Jioni moja niliwapa wanafunzi orodha ya namba za kontena waiingize kwenye hifadhidata. Vijana wawili wenye digrii walimaliza kwa dakika kumi, safi kabisa, hakuna mstari uliokwama. Mama mmoja aliyekuwa karani wa wakala wa forodha kwa miaka kumi na tano, ambaye alikuwa bado anatafuta herufi kwa kidole kimoja, akainua kichwa akauliza: "Mmezikagua?" Wakamtazama. Wakague nini? Akawaambia, "Wanangu, ile namba ya mwisho iliyowekwa ndani ya kisanduku mlangoni mwa kontena si pambo. Hiyo inachunga zile nyingine."

Na ni kweli. Namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya saba ni ya ukaguzi. Kila herufi ina thamani yake: A ni 10, B ni 12, na kuendelea hivyo huku 11, 22 na 33 zikirukwa. Unazidisha alama ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, hivyo hivyo hadi ya kumi kwa 512. Unajumlisha, unagawanya kwa 11, na baki ndilo tarakimu ya mwisho; baki likiwa 10 unaandika 0. Chukua CSQU3054383. Jumla ya zile kumi za kwanza ni 6,185. Gawanya kwa 11, baki ni 3. Namba ni sahihi. Sasa karani aliyesinzia abadilishe 54 iwe 45: jumla inakuwa 6,249, baki 1, na ile 3 ya mwisho inapiga kelele.

Tuliacha somo nililoliandaa, tukatumia jioni ile na iliyofuata kuandika fomula ya ukaguzi huo kwenye Excel. Vijana walileta fomula, mama akaleta sababu. Kwenye orodha yangu namba moja ilikuwa imekosewa, nami mwalimu sikujua. Bandarini kosa kama hilo ni hati zinazorudishwa, na kontena linalochelewa kutoka linatozwa gharama ya kila siku linapolala. Kumfundisha mama yule fomula kulinichukua miezi. Kuwafundisha wale vijana aliyoyajua yeye kungechukua miaka.

Kwa hiyo watafute watu wa aina hiyo. Wahudumu wa saiba wanaojaza fomu za eCitizen (huduma za serikali mtandaoni) na za KRA (mamlaka ya kodi) kutwa nzima wamezoea mifumo inayogoma na wateja wenye hasira. Watakuwa watu wazuri wa dawati la msaada. Mafundi simu wa mjini wana mikono ya fundi wa fiba. Watu wa mapokezi ya hoteli hukaa bila kazi msimu wa watalii ukiisha, nao wanajua kusema na mtu.

Mchujo usiwe wa alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Mtu wa miaka 38 uliyemwuliza gredi ya shule umeshamfukuza. Sisi hutoa wiki mbili za majaribio, bure, zenye kazi nne ndogo. Kila kazi inarudishwa na makosa yamepigiwa mstari. Aliyepata zote mara ya kwanza simtazami sana. Namtazama aliyerudi kesho yake kosa akiwa amelisahihisha, tena bila kukumbushwa.

Hatua ya 4: Mahali na saa

Watu huidharau hatua hii. Darasa likiwa mjini saa kumi na mbili jioni na kuisha saa mbili na nusu usiku, mtu wa Likoni ana kivuko mbele yake, wa Mtwapa ana matatu mbili, na mama mwenye mtoto mchanga hayupo kabisa. Kuvuka kwa feri kwa miguu ni bure, lakini foleni ya usiku haina bei. Mimi ningeweka darasa moja upande wa kusini na moja upande wa Kisauni kabla ya kufikiria jengo zuri la kisiwani.

Majengo yapo. Katiba ya 2010 iliziachia serikali za kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, na vingi kati ya hivyo hufungwa saa kumi jioni. Mwone afisa wa elimu wa kaunti na ombi la ukurasa mmoja: vyumba viwili, jioni nne kwa wiki, nanyi mtalipia tokeni za umeme na mlinzi. Ombi la kurasa ishirini litalala mezani.

Usianze kozi wiki mbili kabla ya Ramadhani. Mwezi huo peleka masomo Jumamosi na Jumapili asubuhi, au usimamishe. Aliyepanga ratiba akiwa Nairobi hulijua hili baada ya darasa kubaki na watu saba.

Hatua ya 5: Mtaala unaoanzia mwisho

Anza na siku ya kazi. Mfuate mtu wa data kazini siku mbili, andika kila alichokifanya, kisha rudi nyuma ukiuliza: ili afanye hiki, alipaswa kujua nini? Kisichoonekana kwenye daftari hilo hakiingii. Historia ya kompyuta haiingii.

Kwa njia ya data, wiki 24 za jioni nne zinatosha kama zimegawanywa hivi kwa makadirio: sita za Excel na kuchapa bila kutazama vidole, nane za SQL, nne za kutengeneza ripoti, na sita za mwisho za kazi halisi iliyoletwa na mwajiri, yenye tarehe ya kukabidhi. Wa mtandao wana wiki chache za nadharia, kisha wanapanda ngazi. Masomo ya Cisco Networking Academy yanasaidia sana kwa nadharia, na mengine yako bure mtandaoni. Fedha zako zinunue ruta, kebo na mashine ya kuunganishia fiba, japo iliyotumika.

Fundisha kwa Kiswahili. Ujumbe wa makosa kwenye kioo utakuwa wa Kiingereza, nao wausome hivyohivyo, lakini maelezo yawe ya lugha wanayogombania bei sokoni. Nimeona mtu aliyeonekana mzito kwa miezi miwili akifunguka siku nilipomwambia kwamba kuunganisha majedwali mawili ni kama kulinganisha daftari la duka na la mwenye kukopesha: unatafuta jina lililo katika yote mawili.

Na data ya mazoezi isiwe ya wateja wa kweli. Mwajiri mkarimu atakupa faili lenye majina, namba za simu na za vitambulisho. Mrudishie. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitamsamehe, wala wewe. Omba faili lililofutwa majina, au tengeneza la kubuni.

Walimu: mmoja wa kudumu anayejua kufundisha, na wawili wanaofanya kazi hiyo mchana na kuja jioni moja kwa wiki. Wakija wote wa chuoni, darasa linanukia chaki. Wakija wote wa kazini, nusu ya vipindi vinafutwa dakika za mwisho.

Hatua ya 6: Pesa

Gharama inayoua mipango ni nauli na chakula. Tuseme kila mwanafunzi anahitaji shilingi 400 kwa siku ya darasa. Mara jioni nne, mara wiki 24, ni shilingi 38,400. Kwa watu ishirini ni shilingi 768,000. Iandike juu kabisa ya bajeti, kabla ya laptopu. Isipokuwepo, wa kwanza kuacha watakuwa walewale uliowalenga.

Laptopu zilizokarabatiwa zenye kumbukumbu ya GB 8 zinatosha kwa kazi hizi zote. Ziwe za mpango, waende nazo nyumbani kwa kutia saini.

Kisha kuna mfuko ambao waajiri wengi wadogo huulipia na kuusahau. Kwa sheria ya mafunzo viwandani, mwajiri hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo viwandani, huweza kumrudishia gharama ya mafunzo aliyowapa watu wake. Mwenye wafanyakazi 40 hutoa shilingi 24,000 kwa mwaka. Masharti ya kukumbuka: mafunzo yaombewe kibali kabla ya kuanza, na mtoa mafunzo awe amesajiliwa na NITA. Kwa hiyo sajili mpango wako mapema, kisha mpelekee mwajiri fomu ikiwa imejazwa nusu. Ukimwachia ajaze mwenyewe, haitajazwa.

Hatua ya 7: Uanagenzi wenye mshahara

Mji wa St. Louis, Marekani, ulikuwa na kilio kama chetu. Mwaka 2013 Jim McKelvey, mmoja wa walioanzisha kampuni ya malipo ya Square, alianzisha LaunchCode. Wazo lilikuwa rahisi: kampuni imchukue mtu asiye na digrii ya kompyuta kama mwanagenzi anayelipwa, imwone akifanya kazi, kisha iamue. Ninalolichukua kutoka kwao ni hilo tu: anayetathmini ni yule atakayelipa mshahara, na anatathmini kazi, si karatasi.

Kwetu, miezi mitatu inatosha. Kila Ijumaa msimamizi aliyetajwa kwenye barua akae na mwanagenzi nusu saa, waitazame kazi ya wiki. Wewe piga simu wiki ya pili, si ya kumi. Ukisikia mwanagenzi anatumwa kununua chai na kupiga fotokopi, nenda siku hiyohiyo. Kwa upole, lakini nenda. Na malipo yasiwe "ya kuelewana": mtu mwenye watoto hawezi kujitolea miezi mitatu, na mwajiri asiyetoa shilingi huwa hana haraka ya kufundisha.

Kuhusu vyeti sitasema mengi. Fundi wa mtandao afanye mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, akishapata mshahara, kwa kuwa ni ghali na unaisha nguvu baada ya miaka mitatu. Kwa waliojifunza kazi mtaani, Kenya sasa ina utaratibu wa kutambua ujuzi wa awali, unaosimamiwa na KNQA, mamlaka ya kitaifa ya sifa za elimu. Ulizia chuo kilicho karibu kama kinautoa. Mtu wa data aje na kazi zake tatu kwenye laptopu.

Hatua ya 8: Daftari la baadaye

Wafadhili watataka idadi ya waliohitimu. Wape. Lakini daftari lako mwenyewe liwe na safu nne tu: jina, kazi aliyokuwa nayo, kazi aliyo nayo miezi sita baada ya kuhitimu, na mshahara wa zamani kando ya mpya. Piga simu mwenyewe. Wengine watakuambia wamehamia Nairobi, na moyo utakuuma. Waandike, kisha waulize ni shilingi ngapi zingewabakiza. Jibu lipeleke kwa waajiri wa hatua ya kwanza, bila majina. Sijui hoja nyingine iliyowahi kuwafanya wapandishe mshahara.

Yule mama wa kontena yuko kwenye ukurasa wangu wa pili. Safu ya tatu inasema: mkaguzi wa data, kampuni ya mizigo, Changamwe. Darasa lililofuata alirudi Jumanne jioni kama mwalimu wa kazini, na bado anachapa kwa kidole kimoja.